Nimekariri maneno elfu mbili ya kingereza na bado nachekwa, shida iko wapi?

"Shikamoo mwalimu. Mi ni kijana wa miaka 24 naishi Ujiji, kwa miaka mitatu sasa nafanya kazi ya kupeleka wageni Gombe kwa boti na siku zingine nakaa mapokezi kwenye gesti moja hapa mjini. Mwaka jana niliamua nikijue kingereza kwa nguvu, nikanunua kaunta buku, kila siku naandika maneno kumi na maana yake kwa kiswahili, nimefika kama elfu mbili. Shida ni kwamba mgeni akitamka neno ninalolijua kabisa bado maana haiendani. Juzi wamenipigia wananiambia 'we are running late', mi nikajua wana mpango wa kukimbia jioni, nikawaambia barabara ya Kibirizi ni nzuri tu kwa mazoezi. Afu niliandika barua ya kuomba kazi kwenye hoteli kubwa, nikatumia simu kutafuta maneno mazito yenye maana sawa na yale ya kawaida, bosi akaisoma mbele za watu wakacheka. Nilikuwa nimeandika 'your notorious hotel' na 'I am a cunning young man'. Simu yenyewe ndo ilisema notorious ni sawa na famous! Sasa mwalimu, kichwa changu kigumu, nimechelewa, au kingereza ndo hakina mpangilio? Na je nirudie maneno yote elfu mbili niandike kila maana?"

Marahaba mdogo wangu. Pole kwa kuchekwa, na kumsomea mtu barua yake mbele za watu sio uungwana hata kidogo, tuliache hilo. Kichwa chako hakina shida, mwenye kichwa kigumu hamalizi kaunta buku. Na kuchelewa hujachelewa. Kilichokukuta ni kwamba umejifunza kwa bidii sana kitu ambacho hakipo duniani, yani lugha ambayo kila neno lina maana moja na hiyo maana ina neno moja linaloisubiri upande wa pili. Hakuna lugha ya namna hiyo, hata hii tunayoandikiana hapa.

Nikuoneshe kwa neno letu wenyewe. Chukua "kali". Kisu kikali, mwalimu mkali, jua kali, pilipili kali, pombe kali, kona kali, maumivu makali, na vijana mnasema ngoma kali. Kwenye mageti huku Tabora tunaandika MBWA MKALI na kila mtu anaelewa anyooshe njia. Kwetu sisi hilo ni neno moja tu, hatulisikii kama maneno manane. Sasa mpe mwingereza hizo sentensi uone anavyozigawa: kisu ni "sharp", mwalimu ni "strict", jua na pilipili ni "hot", mbwa ni "fierce", pombe kali anaiita "spirits", neno ambalo siku nyingine ni roho na mizimu. Kona ni "sharp" tena, na maumivu nayo "sharp". Ukidhani umeshapata kanuni kwamba kali ni sharp basi, geuza upande wa pili uone "sharp" nayo inavyotawanyika: "8 o'clock sharp" ni saa mbili kamili, "a sharp boy" ni mtoto mwenye akili nyepesi, na sisi tumeshalichukua tukasema fanya shapu. Kwaiyo ni miduara miwili, inagusana kwenye kisu, kona na maumivu, kwingine kila mmoja uko kwake.

Na mimi hilo nililipata kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kutafsiri, kabla hata sijaacha kufundisha, nilimpeleka mgeni mnunuzi wa asali huko Sikonge, mzee mmoja mwenye mizinga akamtahadharisha kwamba nyuki wa huku ni wakali sana. Nikageuka kwa kujiamini nikasema "the bees here are very sharp". Yule mgeni akatulia kidogo, akaniuliza kwa upole, wamesoma wapi? Nilicheka naye bila kuelewa nacheka nini, nimekuja kuelewa usiku nimelala.

Sasa tuje kwenye "run" yako. Kwanza ujue umepigwa na neno kubwa kuliko yote, sio aibu. Kamusi kubwa ya Oxford toleo la pili la mwaka 1989, ambalo ni vitabu 20, neno lililokula kurasa nyingi zaidi lilikuwa "set". Baadae wahariri walipokuja kulifanyia kazi upya "run" wakakuta kama kitenzi peke yake lina maana 645. Hakuna mwingereza anayezijua zote hizo kwa kuzikariri, na wewe huhitaji.

Ila angalia kitu kimoja. Maneno yenye maana nyingi ni yapi? Ni yale mafupi ya kila siku: run, set, get, take, go, put. Neno gumu la hospitali au la kemia lina maana moja limekaa nayo tu. Msomi mmoja wa Marekani, George Zipf, alilionesha hili miaka ya 1940, kwamba neno kadri linavyotumika zaidi ndivyo linavyobeba maana zaidi. Na ukifikiria wala sio ajabu, ni kama kanga na suti. Suti iko kabatini inasubiri harusi, ina kazi moja. Kanga iko karibu na mkono, kwaiyo ndo itabebea mtoto, ndo itafunika mboga, ndo itakunjwa kata ya kichwani, ndo itatandikwa chini mgeni akija ghafla. Binadamu akipata wazo jipya hatengenezi neno jipya, ananyoosha mkono anachukua lililo karibu.

Na halichukui hovyo, kuna uzi. "Run" kwenye mzizi wake ni kitu kuwa kwenye mwendo usiokatika. Mtu anakimbia. Pua inatoka kamasi, "nose is running". Injini inanguruma, "the engine is running". Mtu ana duka linaenda siku hadi siku, "she runs a shop". Wageni wako muda wao unazidi kwenda huku wao bado, "running late", wanachelewa basi. Sisi kitu kama hicho tunakifanya kwa "kwenda": saa haiendi, biashara haiendi, hesabu hazijaenda sawa, na hamna aliyetembea kwa miguu hapo. Ukiushika uzi, maana mpya ikija unaikisia kwa nusu, na nusu nyingine unamaliziwa na sentensi.

Kuna mahali uzi haupo kabisa, au ulikatika zamani mno, maneno mawili yamebaki yamegongana tu sura. "Bank" ya pesa na "bank" ya ukingo wa mto hayakuingia kingereza kwa mlango mmoja, hilo la pesa limetokana na benchi la wabadili fedha wa Italia. Ni kama sisi na meza ya kulia na meza kidonge, au paa la nyumba na paa wa porini. Hapo usitafute falsafa, pokea tu. Na kuna mengine yanaonekana yamegongana kumbe ni ndugu. Mvuvi akikamatwa na wavu wa macho madogo, yani "fine net", atalipa "fine" ambayo ndo faini yetu, akirudi nyumbani mkewe amuulize kama yuko "fine". Hizo fine zote tatu zinarudi kwenye neno la kilatini lenye maana ya mwisho: kitu kilichofanyiwa kazi mpaka mwisho kikawa bora na laini, na malipo yanayomaliza kesi. Hii ya mwisho huihitaji kazini, nimeiweka kwa sababu mi naipenda.

Sasa barua. Hapa ndo kwenye kosa lenyewe, na kosa sio la simu moja kwa moja. Simu ilikuletea jedwali la maneno yanayokaa mtaa mmoja, wewe ukadhani yanakaa nyumba moja. "Famous" na "notorious" wote wanajulikana, ila "notorious" anajulikana kwa ubaya, kama jambazi sugu au kona inayoua watu barabarani. Kwaiyo ulimwambia bosi hoteli yake imejaa sifa mbaya mjini. Na "cunning" ni mjanja, lakini sio ule ujanja wetu wa kusifiana kwamba fulani mjanja hadanganyiki, ni ujanja wa sungura kwenye hadithi, yule anayewazunguka wenzie. Mtu anayeajiri wa kukaa kaunta na pesa akisoma "cunning"... basi, umeelewa.

Hata kwetu usingefanya hivo. Kufa, kufariki, kuaga dunia, kutangulia mbele za haki, kukata roho, kudedi, yote ni tukio lilelile. Lakini jaribu kumwambia mzee wa watu msibani "pole sana mzee, nimesikia baba yako kadedi". Au utangaze kwamba kuku wako amefariki dunia, watu wataulizia mazishi saa ngapi. Hakuna kamusi iliyokufundisha hilo, umelipata kwa kusikia nani analisema wapi. Maneno yenye maana sawa kabisa, unayoweza kubadilishana popote bila mtu kushtuka, ni machache mno. Yanatofautiana kwa heshima, au kwa sifa na kejeli ("slim" ni mwembamba wa kupendeza, "skinny" mara nyingi ni kama kumwambia mtu kakondeana), au kwa nani anayesema.

Utauliza sasa kwa nini kingereza kina maneno mengi hivyo ya jambo moja. Ni historia. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, ikulu na mahakama zikawa zinaongea kifaransa kwa muda mrefu, mkulima shambani akabaki na kingereza chake, na wasomi na makasisi wanaandika kilatini. Ndo maana ng'ombe akiwa hai ni "cow", neno la mchungaji, akifika mezani ni "beef", neno la mlaji, na lina asili ya kifaransa. (Bongo tumelichukua tukalifanya bifu la wasanii, na sio uzushi wetu, kwao pia "beef" mtaani ni ugomvi.) Ndo maana kuna "ask" ya kila siku, "question" ya kifaransa, na "interrogate" ya kilatini ambayo ina polisi ndani yake. Kiswahili kimefanya hivohivo na kiarabu: kuuliza, kuhoji, kusaili. Mtoto anauliza, mwandishi wa habari anahoji, bodi ya ajira inasaili. Hilo unalijua siku zote, ulikuwa hujajua kwamba unalijua.

Na kila lugha inagawa pale maisha yake yanapogusa. Rice kwao ni moja, sisi mpunga uko shambani, mchele gunia, wali sahani. Huku Tabora viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi ni michembe, vikichemshwa kwanza ndo vianikwe ni matobolwa, ukimuuzia mama wa kinyamwezi kimoja kwa jina la kingine atakurudishia hapohapo. Kwa kingereza vyote viwili utaeleza kwa sentensi nzima na bado mgeni hatajua atafune kipi.

Wewe una bahati, sentensi maarufu kuliko zote ya habari hizi ilisemwa hapo kwenu. Mwaka 1871 Stanley alipofika Ujiji, kwa maelezo yake mwenyewe, alivua kofia akasema "Dr Livingstone, I presume?" Kwa nini sio "I think", sio "I guess"? "Guess" ni kubahatisha, "think" ni nadhani ya kawaida tu, "presume" ni nadhani ya mtu mwenye sababu za kutosha na anayeomba radhi kama amekosea, yani bila shaka wewe ndiye. Amekatiza nchi miezi kumtafuta mzungu mmoja, mzungu huyo amesimama mbele yake, afu anaongea kama wamekutana sebuleni London. Ndo maana watu wanaicheka mpaka leo, uzito wa neno haukulingana na mahali. Mgeni yeyote akija makumbusho hapo Ujiji ataisema tu, na wewe sasa una cha kumwelezea. Na huku kwetu alisoma Nyerere, Tabora Boys, ambaye baadae alipotafsiri Shakespeare, "merchant" wa Venice hakumwita mfanyabiashara wala mchuuzi, kitabu kikatoka mwaka 1969 kinaitwa Mabepari wa Venisi. Hapo unaona mtu anavyochagua neno huku anajua kabisa anachofanya.

Kabla sijakwambia cha kufanya kuna mitego mingine nadhani tayari umo ndani yake, maana wote tunapita humo. Ukiondoka kaunta kwenda kuita fundi ukamwambia mgeni "I'm coming" kwa sababu ya "nakuja" yetu, yeye anaona mtu anasema anakuja huku anatokomea. Sema "I'll be right back". Mgeni akijikwaa ukasema "sorry" kwa maana ya pole anaweza kukujibu sio kosa lako, maana pole haina mwenzie kule, we uliza "are you OK?" Tuisheni yetu ni masomo ya ziada jioni, "tuition" kwenye barua ya chuo ni ada yenyewe. Na mmarekani akisema "let's table the trip" safari imeahirishwa, mwingereza akilisema hilohilo anataka lijadiliwe sasa, kwaiyo kabla hujajaza mafuta kwenye boti muulize "so, are we going tomorrow or not?"

Maneno elfu mbili usiyarudie. Itakuchukua mwaka mwingine na utatoka na orodha ndefu zaidi ya kosa lilelile. Fungua ukurasa mpya, chagua neno moja fupi linalopita masikioni mwako kazini, mfano "catch", na badala ya maana andika sentensi ulizozisikia kweli: They catch dagaa at night. We need to catch the train. I think I caught a cold. Sorry, I didn't catch your name. Upande wa kulia andika vile wewe ungesema: wanavua dagaa usiku, inabidi tuwahi treni, nadhani nimeshikwa na mafua, samahani jina lako sijalisikia vizuri. Umeona hakuna "kamata" hata moja? Maneno mawili matatu kwa wiki yanatosha kabisa. Na andika neno na jirani zake, kwa sababu kingereza kina ndoa zake kama sisi tunavyopiga pasi bila kumpiga mtu: chai ni "strong", mvua ni "heavy", hamna sababu, ni mazoea tu, ukisema "strong rain" utaeleweka lakini watajua mgeni.

Kwa kamusi, ile ya kingereza kwa kiswahili ni nzuri kujua neno linaelekea wapi, ila isiwe ya mwisho. Tafuta kamusi ya wanafunzi, kingereza kwa kingereza, zile zinazoweka mfano wa sentensi kila maana, pita hata maktaba ya mkoa ukaulizie. App za maneno kumi kwa siku zinakupa mazoea ya kukaa chini na kusoma, sio vibaya, ila ndo hizo zinazokupa kaunta buku jingine. Jedwali la maneno sawa litumie kukumbuka neno unalolijua tayari likakutoka, kamwe usichukue humo neno unaloliona leo kwa mara ya kwanza ukalipandisha kwenye barua. Na shule kubwa kuliko zote unayo, ni wale wageni. Waulize "what do you mean by that?" wala hawakasiriki. Nisikufiche lakini, wageni peke yao watakupa lugha ya kuongea, ya kuandika hawatakupa, wao wenyewe wengine wanaandika vibaya. Ukitaka kuandika vizuri tafuta mwalimu wa ana kwa ana akusahihishe karatasi yako kwa kalamu, hata mara mbili kwa mwezi.

Kuna karatasi ambazo usitegemee kichwa chako wala simu wala mimi wa mbali kuzielewa. Mkataba wa kazi au wa boti: humo "execute" sio kuua, ni kusaini na kukamilisha, "party" sio sherehe, na "consideration" sio huruma, ni kile kinachotolewa kama malipo. Mpelekee mwanasheria kabla ya kusaini. Na majibu ya hospitali: "positive" sio habari njema, maana yake kilichotafutwa kimeonekana, na "discharge" inaweza kuwa umeruhusiwa kwenda nyumbani au ni usaha unaotoka kwenye kidonda. Hapo rudi kwa daktari umwambie nielezee kwa kiswahili, ni haki yako.

Barua yako iandike upya kwa maneno mepesi. Hoteli usiisifie, wanaijua. Weka hivi: "For three years I have taken guests to Gombe by boat. I also work at the reception of a small guest house. I am honest and I learn quickly." Hizo sentensi tatu hamna wa kuzicheka. Kabla ya kuituma mpe mtu mmoja anayejua aisome, na asiwe yule bosi.

Na wale wakikupigia tena wakasema "we are running late", wajibu "no problem, the boat will wait", kama kweli itasubiri.